Kamusi Zetu Ziliandikwa kwa Ajili ya Nani?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wanachama wapya wa chama chetu huuliza swali lile lile: ninunue kamusi gani? Wengi wao wanayo tayari kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili, au programu ya kutafsiri kwenye simu. Wanaandika insha, wanahakikisha kila neno limo katika kamusi, upatanisho wa kisarufi hauna kasoro, na bado mwalimu anaandika pembeni kwamba Waswahili hawasemi hivyo. Mtu aliye Mombasa, Tanga au Unguja akikwama humwuliza jirani. Sisi tunaoandika Kiswahili hapa Uingereza mara nyingi hatuna jirani wa kumwuliza saa nne usiku, na kazi inatakiwa asubuhi. Tunaviuliza vitabu.

Makala haya yanajaribu kulijibu swali la wanachama wapya kwa njia ya historia. Kila kitabu cha maneno kilitungwa na mtu fulani, mahali fulani, ili kimsaidie msomaji wa aina fulani. Kinajibu vizuri maswali ya msomaji huyo, na kinababaisha kikiulizwa mengine. Tukijua kamusi ilitungwa kwa ajili ya nani, tutajua pia tuiulize nini. Historia hiyo inatuhusu kwa karibu, maana kamusi nyingi za mwanzo za Kiswahili zilichapishwa katika nchi hii tunamosoma, London na Oxford, na wasomaji waliokusudiwa walikuwa watu wanaotoka huku kwenda pwani ya Afrika Mashariki.

Wajuzi wa maneno kabla ya kamusi

Neno kamusi tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni bahari kuu. Al-Firuzabadi, mwanachuoni aliyefariki Zabid, Yemen, mwanzoni mwa karne ya 15, alikipa kitabu chake cha maneno ya Kiarabu jina la al-Qamus al-Muhit, yaani bahari inayozunguka. Kitabu kilipata sifa kubwa hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Waswahili nao wakalipokea kwa maana hiyo ya pili.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla wamishonari hawajafika. Tenzi ndefu zilitungwa, zikanakiliwa na kuhifadhiwa majumbani. Lakini maana ya maneno ilikaa kwa watu. Neno gumu la ushairi liliulizwa kwa mshairi au mwalimu wa chuo, neno la sheria kwa kadhi, neno la jahazi kwa nahodha au fundi. Hapakuwa na haja ya kumfasilia mwenyeji lugha yake kwa kitabu, kwa sababu aliyejua alikuwa mtaa wa pili.

Mfano mzuri ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yamejaa majibizano ya mji wake na mafumbo yanayogusa watu na mambo ya wakati ule. W. E. Taylor, mmishonari aliyeishi Mombasa katika miaka ya 1880, alipotaka kuyaelewa hakuwa na kitabu cha kufungua. Alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa hapo hapo Mombasa, aliyeyakusanya mashairi na kumweleza maana zake. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa SOAS, London, na mwanachama yeyote anayeweza kufika huko atajionea mwenyewe kwamba ujuzi wa leksikografia ulikuwako pwani, ila haukuwa umefungwa ndani ya jalada.

Aliyehitaji jalada alikuwa mgeni.

Mgeni na daftari lake

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya wamishonari ya Kianglikana, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa mmoja wa makadhi wa mji. Mwaka 1850 ulitoka mjini Tübingen muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, hakuiona.

Krapf aliandika alichokisikia Mombasa, yaani Kimvita. Mtu aliyezoea Kiswahili sanifu akiifungua kamusi hiyo atakutana na ndia mahali pa njia, mtele mahali pa mchele, mato mahali pa macho, na kutinda mahali pa kuchinja. Kwa maandishi tu, kuteka kwa Kimvita kunaweza kumfanya msomaji adhani mtu anachota maji kumbe anacheka. Tahajia nayo ni ya Krapf mwenyewe, maana wakati ule hapakuwa na kanuni ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kwa anayeandika insha leo kitabu hicho hakifai kuwa mwongozo wa tahajia. Kwa anayesoma mashairi ya zamani ya Mombasa, au anayetaka kujua neno fulani lilibeba maana gani katikati ya karne ya 19, ni hazina.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, chenye sarufi na orodha ndefu za maneno, kilichapishwa London mwaka 1870. Katika dibaji yake anasimulia jambo ambalo sisi tunaliona kuwa la maana sana. Mwanachuoni mmoja wa Unguja, Sheikh Abdulaziz, alijitolea kumtafsiria Zaburi kwa Kiswahili bora na safi. Kazi haikuenda mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na zaidi ya hayo Steere aliona kwamba Kiswahili chake ni cha kisomi mno kwa kazi iliyokusudiwa. Wanafunzi wa misheni wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa utumwani, nao walihitaji lugha nyepesi ya kila siku.

Steere hakukosea kwa hesabu zake. Alichagua Kiswahili kilichomfaa. Lakini chaguo hilo lilikuwa na matokeo marefu. Kiswahili cha Sheikh, chenye msamiati wa dini, sheria na ushairi, kilikaa pembeni, na Kiswahili chepesi cha darasani ndicho kilichoingia katika vitabu vilivyofuata. A. C. Madan wa misheni hiyo hiyo alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, kisha ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903, zote Oxford. Tuutazame mpangilio wa miaka hiyo. Kamusi ya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili ilitangulia kwa miaka 9. Mgeni kwanza alitaka kusema, baadaye ndipo akataka kuelewa.

Lipo jina jingine ambalo wanachama wanaosoma Kifaransa wasiliache. Charles Sacleux, padri aliyeishi Unguja na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, alitoa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa mjini Paris kwa majuzuu mawili, mwaka 1939 na 1941. Sacleux hakuchagua mji mmoja. Alikusanya maneno ya lahaja nyingi, akaonyesha kila neno linakosemwa, na mara nyingi akataja asili yake. Hadi leo neno la zamani lisiloonekana popote pengine hutafutwa kwanza kwa Sacleux.

Kamati na kamusi ya 1939

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilitaka vitabu vya shule vya aina moja. Mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1925. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi hizo nne ikaanza kazi, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson.

Watu wa Mombasa na Lamu, wenye urithi mkubwa wa ushairi, walikuwa na sababu ya kunung'unika. Maneno yao hayakufutwa vinywani, lakini katika vitabu yalianza kupewa alama ya lahaja, kana kwamba njia ni neno kamili na ndia ni kivuli chake. Kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe wa kamati walikuwa Wazungu, wakiamua ni neno lipi lichapishwe na lipi lisichapishwe. Upande wa pili wa mizani, mtoto wa Kigoma na mtoto wa Malindi walipata tahajia moja, na sisi tunaosoma mbali tunaifaidi tahajia hiyo kila tunapofungua kitabu.

Johnson alitoa kamusi mbili zenye tabia tofauti. Ya kwanza, ya mwaka 1935, ilikuwa ya Kiswahili kwa Kiswahili, iliyochapishwa London. Ya pili ni ile maarufu ya Kiswahili na Kiingereza, pamoja na mwenzake wa Kiingereza na Kiswahili, zilizotoka Oxford mwaka 1939. Johnson naye, kama Krapf, hakuiona kazi yake ikichapishwa, alifariki mwaka 1937. Kamusi ya 1939 ilijengwa juu ya msingi wa Madan, jambo linalotajwa wazi kwenye ukurasa wake wa mwanzo. Kwa hiyo anayeinunua leo, na bado inauzwa, ananunua kitabu chenye mizizi katika Unguja ya karne ya 19.

Hatusemi itupwe. Ina jambo moja ambalo kamusi za baadaye zimeliacha. Johnson aliyaweka maneno ya mnyambuliko chini ya kitenzi yanakotoka, kwa hiyo mpishi, upishi na mapishi hukaa pamoja chini ya pika. Anayeanza husumbuka, maana anatafuta mpishi kwenye M, kumbe mwenye nyumba yuko kwenye P. Lakini akishazoea anaiona familia nzima ya neno kwa mtazamo mmoja, na anajifunza jinsi Kiswahili kinavyozaa maneno. Tunaishauri kwa kazi hiyo. Kwa neno la kompyuta au la katiba ya leo, kamusi hiyo haina la kutuambia.

Kiswahili kinajieleza chenyewe

Mwaka 1964 kamati ile iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, Dar es Salaam, na baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 Bunge la Tanzania lilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Mwaka 1981 TUKI ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Tofauti ya kitabu hicho na cha 1939 ni kubwa kuliko miaka 42 iliyo katikati. Ndani yake neno la Kiswahili linafasiliwa kwa Kiswahili, na aliyekusudiwa ni msemaji na mwandishi wa Kiswahili. Johnson alikuwa amejaribu mwaka 1935, lakini safari hii kazi ilifanywa na taasisi iliyo Dar es Salaam, kwa ajili ya taifa linaloendesha bunge, mahakama za mwanzo, magazeti na shule za msingi kwa lugha hiyo. Nomino zimewekwa kwa alfabeti, kila moja na alama ya ngeli yake. Mpishi sasa yuko kwenye M.

Kwa mwanafunzi wa ughaibuni badiliko hilo lina faida ambayo si rahisi kuiona mara ya kwanza. Kamusi ya lugha mbili hutupa neno lililo sawa na la Kiingereza na kutuacha hapo. Kamusi ya lugha moja hutulazimisha kubaki ndani ya Kiswahili. Tukitafuta neno moja tunasoma maneno kumi ya kulieleza, na katika hayo kumi mawili ni mageni kwetu, tunayafuata nayo. Polepole tunajifunza jinsi Kiswahili kinavyoeleza mambo, na hicho ndicho mwalimu alichokikosa alipoandika pembeni kwamba Waswahili hawasemi hivyo.

Kamusi ya TUKI ilitoka tena mwaka 2004 na 2013, na kazi ya taasisi hiyo sasa iko mikononi mwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilitoa kamusi yake mwaka 2010. BAKITA nao wakatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Tuyasome majina kwa makini. Wa Dar es Salaam wameandika Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Wa Zanzibar wameandika Kamusi la Kiswahili Fasaha. Yaani hata juu ya jalada vitabu viwili havikukubaliana neno kamusi ni la ngeli gani, na kimoja kikajiita sanifu, kingine fasaha. Mjadala wa 1928 kuhusu Kiswahili cha nani kiwe kipimo haujafungwa. Mwanachama akiandika "kamusi la" katika insha na mwalimu akalipiga mstari, anayo haki ya kulitoa jalada la BAKIZA mezani.

Visawe na mtego wake

Hadi hapa tumezungumzia kamusi za maana. Kipo kitabu cha aina nyingine, kile ambacho mwandishi hukifungua akiwa anaijua maana lakini hajalipata neno. Katika Kiingereza kitabu mashuhuri cha namna hiyo kilitungwa na daktari Peter Mark Roget na kuchapishwa London mwaka 1852. Aliianza orodha yake mwaka 1805, akaichapisha akiwa na umri wa miaka 73. Roget hakupanga maneno kwa alfabeti. Aliyapanga kwa mawazo, na wala hakueleza maana zake, kwa sababu aliwatungia watu wanaokijua Kiingereza tangu utotoni. Msomaji wake alikuwa amelisahau neno, na akiliona analitambua.

Kiswahili kilipata Kamusi ya Visawe mwaka 1998, iliyotungwa na Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed na kuchapishwa Nairobi. Said Ahmed Mohamed ni yule yule tunayemsoma darasani kwa riwaya kama Utengano. Ni jambo la kupendeza kwamba kitabu cha kumsaidia mwandishi achague neno kimetokana na mikono ya mwandishi. Pia ni jambo la kuhesabu: kutoka muhtasari wa Krapf hadi kitabu hicho ni miaka 148. Vitabu vya kumwezesha mgeni aseme vilikuja kwanza, vya kumwezesha mwenyeji aseme vizuri zaidi vilikuja mwisho.

Hapa ndipo mwanafunzi anapoingia mtegoni. Kitabu cha visawe kimetungiwa mtu anayelitambua neno akiliona. Sisi tulio wengi hatulitambui. Tunaona orodha ya maneno matano, tunachukua refu zaidi, tunaliweka kwenye insha. Tuchukue kufa. Karibu nalo tutaona kufariki na kuaga dunia. Lakini mtu hufariki, ng'ombe hafariki. Mwenye kuandika kwamba paka wa jirani amefariki atachekwa, au itadhaniwa anatania. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa amekufa kibudu, na neno hilo halisemwi kwa binadamu ila kwa tusi. Visawe hukutana kwenye maana na kuachana kwenye adabu, mahali na matumizi.

Kuna na mtego wa upande wa pili, ule wa kamusi ya kutoka Kiingereza. Kiingereza kina kitenzi kimoja kikubwa cha kusafisha kwa maji, na kamusi ndogo humrudishia msomaji osha. Basi kila kitu kinaoshwa. Kumbe Kiswahili kimegawa kazi. Vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, mikono na uso hunawa mwenyewe, mwili mzima huoga au hukoga, kinywa husukutuliwa, nguo iliyotolewa sabuni husuuzwa, sakafu hupigwa deki, na anayekwenda kuswali hutawadha. Anayeandika "naosha nguo" anaeleweka, lakini msomaji wa pwani amekwisha kujua kwamba mwandishi anafikiri kwa Kiingereza. Vivyo hivyo kwa vitu vinavyoharibika: kikombe huvunjika, kamba hukatika, nguo huchanika, ukuta hubomoka, mkate humeguka. Hakuna kati ya haya lililo gumu. Yote yanajulikana na mtoto wa miaka sita aliyekulia Kisauni. Hayaonekani kwa sababu tumeingilia mlango uliojengwa mwaka 1894, wa kutoka Kiingereza.

Basi tununue ipi?

Tunarudi kwa wanachama wapya. Ushauri wetu unafuata aina ya swali.

Kwa maana ya neno tulilolikuta katika kitabu, tuanze na kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ya TUKI, ya BAKIZA au ya BAKITA zote zinafaa, na maktaba ikiwa nazo zote tatu tuzilinganishe, maana penye tofauti ndipo penye jambo la kujifunza. Mwenye fedha ya kununua moja tu na anunue hiyo, hata kama kwa mwaka wa kwanza inamchosha.

Kwa neno tunalolijua kwa Kiingereza tu, kamusi ya lugha mbili haiepukiki, na za TUKI za mwaka 1996 na 2001 ziko karibu nasi zaidi kuliko ya 1939. Ila neno likipatikana lisiende moja kwa moja kwenye insha. Lipelekwe kwanza kwenye kamusi ya lugha moja lihojiwe: linatumiwa na nani, kwa kitu gani, katika ngeli ipi.

Kwa kuchagua kati ya maneno tunayoyajua, tufungue Kamusi ya Visawe, na tuchukue lile ambalo tumewahi kulikuta katika sentensi ya mtu mwingine. Ambalo hatujawahi kulikuta tuliandike kwenye daftari, tulisubiri.

Kwa methali kuna Kamusi ya Methali ya K. W. Wamitila, ya mwaka 2001. Kwa istilahi za isimu kuna kamusi sanifu ya TUKI ya mwaka 1990. Kwa mashairi ya kale ya Mombasa na Lamu tumrudie Krapf na Sacleux bila aibu.

Intaneti nayo ina historia yake, na sehemu yake ilianzia ughaibuni. Mradi wa Kamusi ulianzishwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994, ukawa miongoni mwa kamusi za mwanzo za Kiswahili kwenye mtandao, na watu wa nchi mbalimbali waliuchangia maneno. Programu za kutafsiri za leo zina kasi zaidi, lakini nyingi huficha jambo ambalo hata Krapf hakulificha: neno limetoka kwa nani na mahali gani. Tukizitumia, tuzitumie kama tunavyoitumia kamusi ya lugha mbili, na majibu yake yapite kwenye mlango ule ule wa kuhojiwa.

Kazi iliyobaki

Tukiisoma historia hii kwa mara nyingine, kuna watu wanaoonekana kwa mbali tu. Kadhi aliyemsaidia Krapf, Sheikh Abdulaziz ambaye Kiswahili chake kilionekana cha kisomi mno, Mwalimu Sikujua aliyefumbua mafumbo ya Muyaka, na wengine wengi waliojibu maswali barazani na darasani. Kwenye majalada yamekaa majina ya walioshika kalamu. Ya waliojua maneno yamebaki kwenye dibaji, na mengine hayakuandikwa popote.

Katika chama chetu wamo wanachama ambao mama zao walikulia Lamu, Barawa, Pemba, Bukavu na Maskati. Nyumbani mwao yanasemwa maneno ambayo tumeyatafuta katika kamusi zote tatu za leo tusiyapate: majina ya vyakula, ya vifaa vya jikoni, ya michezo ya watoto, maneno ya kubembeleza na ya kukaripia. Wazee wanaoyajua wanapungua, na watoto wanaowajibu kwa Kiingereza wanaongezeka.

Tunapendekeza kwamba kuanzia muhula huu chama kiwe na daftari la maneno, likae kwenye kabati la chama. Kila neno liandikwe pamoja na sentensi kamili kama ilivyosemwa, mji unakotumika, na maana kwa Kiswahili. Hatuna haja ya kutafuta neno la Kiingereza lililo sawa nalo. Na kando yake, kwa idhini yake, liandikwe jina la aliyelitoa.

Wahadhiri wetu wamekubali kulipitia daftari hilo mwisho wa kila muhula. Wanachama watakaokwenda nyumbani likizo waanze na jikoni.